Zana tatu za bure za SAT: ipi inafundisha kusoma na ipi inapima tu

Anayejiandaa na SAT, mtihani wa kuombea vyuo vya Marekani, akiwa Dodoma hana haja ya kununua kitabu kinene wala kulipia tuisheni ili apandishe alama za sehemu ya Reading and Writing. College Board, ambao ndio wenye mtihani, wametoa bure programu ya Bluebook pamoja na hazina ya maswali iitwayo Question Bank. Khan Academy, wanaoshirikiana nao tangu 2015, wana kozi nzima isiyolipiwa. Zana zipo. Kinachoharibika ni matumizi: wengi wanaanza na Bluebook, wanamaliza mitihani yote ya majaribio ndani ya wiki chache, kisha wanashangaa alama zimeganda palepale.

Hukumu yetu ni hii. Question Bank, nyota tano kwa ufahamu. Khan Academy, nyota nne kwa sarufi na tatu kwa ufahamu. Bluebook, nyota tano kama mizani na sifuri kama mwalimu. Anayepanda mizani kila asubuhi hapungui uzito kwa kupima.

Kabla hujaingia gharama, hakikisha kwanza kwamba SAT inakuhusu. Samia Scholarship inaangalia matokeo yako ya kidato cha sita katika masomo ya sayansi, na mkopo wa HESLB una vigezo vyake. Kote huko SAT haina kazi. Inawahusu wanaoomba vyuo vya Marekani. MIT walirudisha sharti la mtihani mwaka 2022, Harvard wakafuata 2024, na vyuo hivyo viwili hutoa msaada wa fedha kwa kuangalia kipato cha familia, hata kwa mwombaji wa nje. Kwa hiyo pale alama inakusaidia kukubaliwa, halafu pesa zinafuata hali ya nyumbani kwenu. Vyuo vingine vingi hutoa ufadhili kwa alama zenyewe, na huko hata pointi thelathini zinaweza kukuvusha mstari. Soma ukurasa wa ufadhili wa chuo husika, si maneno ya kwenye magrupu ya WhatsApp.

Mtihani wenyewe kwa kifupi

Sehemu ya Reading and Writing ina maswali 54 kwa dakika 64. Imegawanywa moduli mbili, kila moja maswali 27 kwa dakika 32, yaani wastani wa sekunde 71 kwa swali. Kila swali lina kifungu chake kifupi cha maneno 25 hadi 150. Alama ni 200 hadi 800, na jibu la kosa halikukati kitu, hivyo kuacha swali wazi ni kutupa alama bure.

Maswali yana makundi manne, na kwenye kila moduli yanafuatana kwa mpangilio uleule: kwanza msamiati na muundo wa kifungu, karibu asilimia 28, kisha hoja, ushahidi na hitimisho, asilimia 26, halafu sarufi na alama za uandishi, asilimia 26, mwisho viunganishi na kuunganisha dondoo, asilimia 20. Hesabu vizuri hapo: karibu nusu ya kinachoitwa mtihani wa kusoma ni kanuni za Kiingereza, ambazo zinafundishika kwa haraka kuliko ufahamu. Ndiyo maana mwanafunzi wa PCM (fizikia, kemia na hesabu) asiyependa hadithi anaweza kupanda kwa kasi kumzidi mwenzake wa HKL (historia, Kiswahili na Kiingereza) aliyejiamini akaacha kufanya mazoezi.

Question Bank: hapa ndipo alama zinapopatikana

Hazina hii inafunguka kwenye kivinjari chochote, hata cha simu. Unachagua SAT, unachagua Reading and Writing, kisha unachuja kwa kundi, kwa ujuzi na kwa ugumu: rahisi, wastani au mgumu. Kuna kisanduku kimoja ambacho wengi wanakiruka, kilichoandikwa Exclude Active Questions. Kiwekee tiki. Bila hiyo utapewa maswali yaleyale yaliyomo kwenye mitihani ya majaribio ya Bluebook, na siku utakapojipima utapata alama ya kumbukumbu badala ya alama ya uwezo.

Maswali unaweza kuyatoa kama PDF. Toa faili mbili: moja ya maswali matupu, nyingine yenye majibu na maelezo. Ukishapakua, huhitaji tena bando. Kama unaenda kuprinti, mwambie kijana wa steshenari aweke kurasa mbili kwa karatasi moja, kwa sababu faili huweka swali moja kwa kila ukurasa na utalipia karatasi nyeupe tupu. Usikubali kurasa nne kwa karatasi: maandishi bado yanasomeka, lakini namba za kwenye grafu hupotea, na maswali ya grafu ndiyo yanayohitaji jicho.

Sasa namna ya kuyatumia. Chukua maswali kumi ya ujuzi mmoja, ugumu wa wastani. Funika machaguo kwa karatasi. Soma kifungu, soma swali, kisha andika jibu lako mwenyewe kwa maneno machache kabla ya kuona A, B, C na D. Andika kwa Kiswahili ukitaka. Hili lina sababu: mwanafunzi aliyefundishwa kwa Kiswahili darasa la kwanza hadi la saba, kisha akaingia Kiingereza kidato cha kwanza, mara nyingi anaweza kusoma sentensi ya Kiingereza kwa sauti safi kabisa bila kuishika maana. Ukishindwa kuieleza kwa Kiswahili, hujaielewa, na machaguo yatakuchezea.

Tazama jinsi yanavyochezea. Chukua kifungu cha kubuni: watafiti wamelinganisha mashamba ya mtama yenye matuta ya kukinga maji na yasiyo nayo. Miaka ya mvua chache, mashamba yenye matuta yalivuna zaidi. Miaka ya mvua za kutosha, tofauti haikuonekana. Swali linauliza hitimisho lipi linafaa zaidi.

Chaguo la kwanza linasema matuta huongeza mavuno ya mtama. Linavutia kwa sababu nusu yake ni kweli, ila limedondosha sharti la mvua chache. La pili linasema mtama hustahimili ukame kuliko mahindi. Kila mtu kuanzia Kongwa hadi Chamwino anajua hivyo, lakini kifungu hakikutaja mahindi hata mara moja. La tatu linasema matuta hupunguza mavuno mvua zikiwa nyingi. Hapa “hakuna tofauti” imegeuzwa kuwa “hasara”. La nne linasema faida ya matuta hutegemea kiasi cha mvua. Limepoa, halina mbwembwe, na ndilo jibu.

Mitego hiyo mitatu, yaani kudondosha sharti, kuleta ukweli wa nje na kuzidisha kilichosemwa, inarudi kwenye sehemu kubwa ya maswali ya hoja na hitimisho. Mwanafunzi mwenye bidii huanguka zaidi kwenye wa pili, kwa kuwa General Studies na mitihani yetu humzoesha kuonyesha anachokijua. SAT haitaki unachokijua. Inataka kilichoandikwa.

Makosa yako yaandikie daftari lenye safu nne: namba ya utambulisho wa swali, kwa kuwa kila swali la hazina lina yake, chaguo ulilochagua, kilichokuvutia, na neno hasa la kwenye kifungu linaloliua chaguo hilo. Safu ya nne ndiyo yenye kazi. “Sikusoma vizuri” si jibu la safu hiyo. Lazima uandike neno, kwa mfano *some*, au *until*, au *may*, lililokuwa mbele ya macho yako ukalipita. Baada ya wiki moja yarudie yale yaliyokushinda tu, bila kuangalia daftari. Ukikosa tena kwa sababu ileile, usisonge kwenye maswali magumu.

Msamiati nao ufanyie hapahapa. Orodha za maneno elfu moja zinazouzwa kama PDF hazina faida kubwa, kwa sababu mtihani hupenda neno unalodhani unalijua kwa maana yake ya pili. *Novel* ikiwa si kitabu, *check* ikiwa ni kuzuia, *qualified* ikiwa ni kuwekewa mipaka badala ya kuwa na sifa. Neno kama hilo hulipati kwa kukariri. Unalipata kwa kukutana nalo ndani ya sentensi, ukaliandika na sentensi yake.

Kasoro ya Question Bank ni kwamba haikushiki mkono. Haina ratiba, haikuwekei saa, na maelezo ya majibu yameandikwa kikavu. Anayehitaji mtu wa kumwambia kesho afanye nini ataiona ngumu wiki ya kwanza.

Khan Academy: mwalimu mzuri wa kanuni

Hapa kuna ratiba, na ndiyo nguvu yake. Kozi ya Reading and Writing imepangwa kwa ngazi tatu, msingi, kati na juu, na kila ngazi inagusa makundi yote manne. Inafanya kazi kwenye simu. Maandishi na mazoezi hula data kidogo. Kinachomaliza bando ni video, kwa hiyo soma makala ya somo kwanza na uifungue video pale tu ulipokwama.

Anza na sarufi, ngazi ya msingi, hata kama Kiingereza chako ulipata A. Kuna makosa mawili yanayomsubiri mzungumzaji wa Kiswahili. La kwanza ni mkato. Kiswahili kinaruhusu “Mvua imenyesha, mto umejaa” na hakuna atakayekusahihisha. Kwenye SAT, sentensi mbili kamili zilizoshikwa na mkato peke yake ni kosa kila mara. Zinatenganishwa kwa nukta, kwa nukta mkato, kwa nuktapacha pale ya pili inapoifafanua ya kwanza, au kwa mkato unaofuatwa na kiunganishi kama *and*, *but* au *so*. *However* haimo kwenye orodha hiyo, na mtihani unajua kwamba unadhani imo.

La pili ni kiima na kitenzi, na hapa Kiswahili kinakusaidia. Watunzi wa mtihani wanaweka kiima mwanzo, wanakijaza maneno katikati, kisha kitenzi kinakuja mbali. Mtu akisema “Orodha ya vitabu vya wanafunzi vimepotea”, sikio lako linakataa papo hapo, kwa sababu iliyopotea ni orodha, na ngeli inadai “imepotea”. Fanya hivyohivyo kwenye Kiingereza: kabla ya kuchagua *is* au *are*, tafsiri sentensi haraka kichwani na usikilize ngeli inamwita nani. Wanafunzi wanaokosa maswali haya kwa Kiingereza hawayakosi kwa Kiswahili.

Viunganishi na dondoo pia vinafundishwa vizuri pale. Kwenye swali la dondoo unapewa orodha ya taarifa fupi na lengo, mfano kuonyesha tofauti kati ya vitu viwili. Soma lengo kwanza. Taarifa zote huwa ni za kweli na machaguo yote huwa ni sarufi sahihi. Ni moja tu linalotimiza lengo. Anayeanza kwa kusoma taarifa zote amepoteza nusu dakika.

Kwenye ufahamu tumewapunguzia nyota kwa sababu moja kubwa. Mazoezi yamewekwa ujuzi kwa ujuzi, hivyo ukifungua zoezi la hitimisho unajua tayari unatafuta nini. Ndani ya mtihani hakuna anayekuambia. Asilimia nzuri zinazoonekana kwenye ukurasa wako wa Khan kwa hiyo huwa juu kuliko uwezo wako halisi, na hakuna saa inayokukimbiza. Chukulia asilimia hizo kama dalili kwamba umeielewa kanuni, basi. Kisha changanya: toa kwenye Question Bank maswali machache ya kila ujuzi, yapange ovyo, weka saa ya simu.

Bluebook: usiimalize

Bluebook ndiyo programu utakayokutana nayo siku ya mtihani, kwa hiyo kuijua ni lazima. Inakubali kompyuta ya Windows, Mac na iPad. Simu haikubali, na hapo ndipo wanafunzi wengi wa kwetu wanakwama. Kompyuta ya kuazima inafaa, lakini ya ofisi mara nyingi imefungwa usiweze kuweka programu bila nenosiri la msimamizi. Jaribu kuisakinisha mapema, si usiku wa kuamkia mtihani. Betri iweze kushika saa tatu hadi nne, kwa kuwa usitegemee soketi ukumbini. Umeme ukikatika wakati wa zoezi la nyumbani au intaneti ikisimama katikati, kazi haipotei. Intaneti inahitajika wakati wa kuanza na wakati wa kutuma majibu.

Mambo matatu ya kuzoea ndani yake. Kitufe cha kufuta machaguo, ambacho kinapaswa kuwa tabia, si pambo. Alama ya kurudia swali, inayokuwezesha kuruka na kurudi ndani ya moduli hiyohiyo tu, kwa kuwa ikifungwa imefungwa. Na saa, ambayo unaweza kuificha hadi zibaki dakika tano, itakapojitokeza yenyewe. Ukiwa mtu wa kuhangaika, ifiche, ila jiwekee alama: unapofika swali la 14 uwe umetumia kama dakika 16.

Moduli ya kwanza ndiyo inayoamua ya pili. Ukifanya vizuri unapelekwa kwenye moduli ngumu, na huko ndiko alama za juu ziliko. Ukiharibu unapelekwa nyepesi, yenye dari. Hivyo ukiona moduli ya pili imekuwa nzito ghafla, usikate tamaa. Ni habari njema. Na kama muda hukutoshi katika ya kwanza, anzia maswali ya sarufi, takribani la 16 kwenda mbele, yanayotaka sekunde thelathini hadi arobaini, kisha urudi mwanzoni ukiwa na akiba.

Mitihani ya majaribio haipo mingi. Mmoja wa kuanzia, kujua ulipo. Wa pili baada ya wiki nne au tano za Question Bank na Khan. Mingine ihifadhi kwa mwezi wa mwisho, mmoja kwa wiki, asubuhi, ukikaa mtihani mzima wa saa mbili na dakika kumi na nne pamoja na Hesabu. Kujipima kusoma peke yake jioni kitandani hakukuonyeshi uchovu utakaokukuta. Siku inayofuata ifanye ya daftari la makosa tu. Mtihani usiochambuliwa umeungua bure.

Kuna pia mitihani ya PDF kwa wasio na kompyuta. Hiyo ina maswali 33 kwa moduli badala ya 27 na haibadiliki kufuata uwezo wako. Kwa mazoezi ni mizuri sana. Kwa kutabiri alama, achana nayo.

Vitabu vya zamani, tuisheni na tarehe

Kwenye maduka na meza za vitabu vilivyotumika utavikuta vitabu vya SAT kwa bei ya kutupa. Fungua ndani kwanza. Ukiona alama ya juu ni 2400, hicho ni cha kabla ya 2016. Ukiona Reading ya maswali 52 kwa dakika 65, ni ya mtihani wa karatasi ambao kwa wanafunzi wa nje ya Marekani ulikoma mwisho wa 2022. Sura za sarufi bado zina faida; vifungu virefu vya kurasa nzima vitakuzoesha mwendo ambao hutaukuta ukumbini. Tuisheni ya kikundi inafaa iwapo mwalimu anachambua makosa yako wewe. Inayoanza kwa kugawa orodha ya maneno, okoa nauli.

Kuhusu tarehe, kwa mwanafunzi wa nje mtihani hufanyika mara kadhaa kati ya Agosti na Desemba, kisha Machi, Mei na Juni. Mei ni ya kidato cha sita, usijidanganye kuchanganya. Baada yake wengi wanaitwa JKT kwa mujibu wa sheria, na kambini hakuna Bluebook. Kwa hiyo sarufi na maswali ya hazina yafanywe kidato cha tano na likizo zake, na mtihani wenyewe ulenge Oktoba kwa anayeomba mapema, ambapo vyuo vingi hufunga Novemba 1, au Desemba kwa wanaofunga mwanzoni mwa Januari. Ukipangiwa kituo Dar es Salaam, treni ya SGR imerahisisha safari, ila shuka siku moja kabla. Kitambulisho salama zaidi ni pasipoti, na jina lililo kwenye akaunti yako ya College Board lilingane nayo herufi kwa herufi.

Ada ya mtihani pamoja na nyongeza ya kimataifa hupita dola 100, na msamaha wa ada hauwahusu wanafunzi wa nje wasio raia wa Marekani. Usilipe mpaka mitihani miwili ya Bluebook iliyofuatana iwe imekupa alama zinazokaribiana na kiwango cha chuo unachokilenga. Ikitofautiana kwa pointi sitini au zaidi, bado unabahatisha. Rudi kwenye daftari, angalia ni nini kinachojirudia kwenye safu ya nne.